Taa Niliyosema Naiona

Najua ukisoma kisa cha namna hii unasema huyu alikuwa na homa, au alikuwa anaota. Sikuwa na homa. Na sijui mtu anaotaje huku amechuchumaa kwenye nyasi zenye umande mpaka sketi inalowa. Sketi hiyo mama aliifua kwa mikono yake, akalalamika kwamba tope la Tukuyu halitoki. Kwa hiyo kama huniamini mimi, amini hilo tope.

Kwanza mnijue kidogo. Nasoma kidato cha tatu, naishi na mama Kihesa, hapa Iringa, na darasani wananiita Bi Ndiyo. Mwalimu akiniuliza kama nimeelewa, nasema ndiyo. Mwenzangu akishika kalamu yangu akauliza, "Hii si yangu?" nasema ndiyo, halafu siku nzima naazima kalamu. Sio kwamba napenda uongo. Neno hapana likifika kooni linakwama, hasa mbele ya mtu mzima. Shikeni hilo, maana yaliyonipata yote yalianzia hapo.

Likizo ya mwezi wa sita nilienda kwa bibi mzaa mama, kijijini, upande wa Tukuyu kule Mbeya. Bibi ana ng'ombe mmoja wa maziwa, anaitwa Neema, na wakati ule Neema alikuwa na mimba kubwa, amekaribia kuzaa. Wakati uleule kulikuwa na wezi. Hawa wezi hawaswagi ng'ombe kwenda naye mbali. Wanamshusha bondeni, wanamchinja hukohuko, wanaondoka na nyama. Jirani wa juu yetu aliamka asubuhi akakuta kichwa cha ng'ombe wake kimewekwa njiani, kimegeuzwa kuangalia nyumba yake.

Tangu hapo bibi akahamia jiko la nje, lile lililo karibu na banda. Alilala pale kwenye mkeka, panga pembeni, na baridi ya mwezi wa sita kule mnaijua. Nilipofika nilimkuta anakohoa kikohozi kinachomkunja mgongo. Mganga wa zahanati alishamwambia akiendelea kulala nje mapafu yatamshinda. Bibi akamjibu, "Na Neema akiibiwa, nitakamua mapafu?"

Mjomba Gwakisa, mdogo wake mama, ndiye anayekaa na bibi. Ni fundi pikipiki, lakini anasema waya ni waya. Akanunua kamera, akaifunga ukutani kwa nyumba, ikiangalia banda. Ina betri yake ndani na haikuhitaji intaneti, unafungua tu simu ukiwa karibu nayo, unaona, na picha inazihifadhi. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa. Nikimwona ng'ombe wangu kwenye hiyo simu usiku, nitalala ndani. Nisipomwona, narudi jikoni. Na usinibembeleze."

Usiku wa kwanza tuliona weupe mtupu, kama mtu amemwaga maziwa kwenye simu. Kamera ile ina vitaa vidogo vya infraredi kuzunguka lenzi, lakini vilikuwa vinamulika ukungu uliokuwa mbele yake, banda halifikiwi. Bibi akachukua mkeka wake. Usiku ule nilimsikia akikohoa mpaka jogoo wakawika.

Kesho yake mjomba alinichukua tukaenda Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa hapohapo, Kiswahili chake kinanipita mimi. Mjomba akamweleza. Mzee akacheka.

"Bwana, umeweka tochi katikati ya macho halafu unalalamika ukungu unakuchoma. Zima hivyo vitaa vya kamera, nunua taa ya infraredi peke yake. Ifunge mbali na kamera, imulike banda kutoka ubavuni."

Akaiwasha mbele yetu. Ilikuwa ni kisahani cheusi chenye vidoa vingi, na sikuona chochote. Akanipa simu yake, "Angalia kwa kamera, binti." Nikaangalia. Kile kisahani kilikuwa kinawaka zambarau. Nikashusha simu, giza. Nikainua, kinawaka.

"Umeona?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Macho ya mtu aliye hai hayaoni hii kitu. Mwizi anapita mbele yake hajui kama amemulikwa. Haimsumbui mtu yeyote." Akanitazama. "Huyu binti yako haongei, Gwakisa. Ni kamera?"

"Huyu mpwa wangu," mjomba akasema, "ukimuuliza kama anataka kuolewa na mbuzi atakwambia ndiyo, halafu alie usiku."

Walicheka. Nilicheka na mimi. Yale maneno ya mzee, macho ya mtu aliye hai, yalinipita hivihivi. Aliyasema kwa biashara tu, wala sidhani alijua kitu.

Kuifunga ile taa kulichukua mchana mzima. Mjomba aliiunga kwanza kwenye adapta ndani ya nyumba na kuvuta waya mwembamba mpaka nyuma ya banda, ikawaka dhaifu. Akasema umeme unachokea njiani, waya ni mrefu mno kwa taa ya volti kumi na mbili. Tena kule umeme wenyewe unakatika unapotaka. Akabadilisha mawazo. Akachukua betri ya sola, akaiweka bandani ndani ya ndoo yenye mfuniko, Neema asije akailamba, akaunga waya mfupi mnene. Hapo ikakubali. Ina kijicho chake kinachojua giza, jua likizama inajiwasha yenyewe.

Ikabaki mahali pa kuisimamisha. Pembeni ya banda kuna migomba ya zamani, imesongamana, na katikati yake tukakuta sehemu iliyoinuka kidogo, udongo mgumu, maji hayatuami. Mjomba akafurahi. Akachimba shimo, akasimamisha nguzo ya mti wa mlingoti, na kwa bahati palikuwa na mawe mawili bapa yamelala palepale, moja limezama nusu. Akayang'oa, akayatumia kubana nguzo isitikisike.

"Unaona," akaniambia, "ni kama mtu alinitayarishia."

Nikasema ndiyo.

Bibi alikuwa ndani, mjomba amemkataza kutoka kwa sababu ya kifua. Alipoingia kumwambia kazi imeisha, bibi aliuliza swali moja tu: "Taa isiyoonekana, inamulika nini?" Mjomba akamwambia atulie, haimsumbui mtu. Kumbe lingekuwa swali jingine tu, umeisimamisha wapi, haya yote nisingeyaandika.

Jioni ile umeme ulikatika mapema. Ukungu ulishashuka, na nje kulikuwa kweusi kabisa. Mjomba akafungua simu, na kwa mara ya kwanza tulimwona Neema kutoka kwato hadi pembe, amelala anacheua, macho yake yanang'aa kama sarafu mbili. Bibi alishika simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na uso. Halafu akasema, "Ameshiba," akavua viatu, akapanda kitandani. Sijui kama mnaelewa furaha niliyosikia. Mjomba akatoka kurudisha ngazi tuliyoazima kwa jirani. Nikabaki na bibi, yeye kitandani anatazama simu, mimi nachochea mkaa kwenye jiko la chumbani kwake.

"Mjukuu wangu," akaniita. "Njoo uone. Nani amesimama kwa ng'ombe wangu?"

Nikaangalia. Neema alikuwa amesimama, kamba imekazika. Ukuta wa mabanzi nyuma yake ulikuwa na kitu cheusi kikubwa, kimefunika nusu yake. Nikasema labda jani la mgomba limeinama mbele ya taa. Bibi akaanza kushusha miguu kutafuta viatu, na kikohozi kikamshika palepale. Nikamwambia alale, nitaenda mimi kutoa hilo jani. Niamini, sina ujasiri. Niliogopa tu kwamba akitoka mara moja, atarudi kulala jikoni.

Nilichukua tochi. Betri zake zilikuwa zimechoka, inatoa kimwanga cha njano kinachoishia miguuni. Nikazunguka banda. Neema alikuwa anapumua kwa nguvu, anavuta kamba kuelekea upande wa pili.

Kwenye nguzo alikuwa amesimama bibi kizee.

Amejitanda blanketi mpaka kichwani, ameinama mgongo, na mkono mmoja ameuweka usoni, hivi, kama mtu anayetembea jua likiwa mbele yake. Nilishtuka, ndiyo, lakini nilishtuka mshtuko wa kawaida. Wazee kule wanatembeleana jioni. Nikadhani ni jirani amepotea kwa ukungu.

"Ugonile," akanisalimia.

"Mugonile, bibi." Nikachuchumaa kama mama alivyonifundisha, mikono imekutana. Kinyakyusa changu kinaishia kwenye salamu, na ni kama alijua, maana aliendelea kwa Kiswahili, kile cha polepole cha wazee.

"Nani amenisimamishia jua kichwani?"

Niliangalia juu ya nguzo. Hapakuwa na mwanga wowote. Kisahani cheusi kwenye giza jeusi.

"Mjomba," nikasema.

"Mjomba wako hana adabu. Na mawe yangu ameyabebesha mti."

Hapo nikapata aibu kubwa, nikajua tayari, tumechukua mawe ya mpaka ya shamba la watu. Nikasema samahani. Hata hakunisikia. Alikuwa anageuza uso huku na huku, mkono haushuki.

"Nimejifunika, linapenya. Nimegeukia ukuta, linapenya. Siku zote hizi nilikaa gizani vizuri, nimeshazoea. Sasa hili." Akanisogelea. "Wewe mtoto, unaliona linavyowaka?"

Jamani. Si ningesema hapana? Ni neno dogo. Sikuwa naona kitu. Lakini mbele yangu ni mtu mzima, ana uchungu, anauliza kwa sauti ya kuomba, na mimi nimechuchumaa, na mjomba ndiye amekosa.

"Ndiyo, bibi. Naliona."

"Unaliona kweli?"

"Ndiyo."

Mabega yake yakashuka. Umewahi kumwona mtu aliyebeba ndoo ya maji mlima mzima, halafu mwenzake anatokea kumpokea? Alikuwa hivyo.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani niko peke yangu. Basi tugawane."

Akaniinua kidevu. Mkono wake haukuwa na baridi ya mtu aliyekaa nje. Ulikuwa na baridi ya udongo ukichimba, ile ya chini, na ulikuwa na unyevu. Nilitaka kurudi nyuma, mwili ukakataa. Akapitisha kidole gumba kwenye kope za jicho langu la kulia, halafu la kushoto, taratibu, kama mama anayemtoa mtoto tongotongo.

Nikafungua macho. Taa ilikuwa inawaka.

Rangi yake siwezi kuiandika. Ni nyekundu iliyopita mwisho wake. Ilikuwa imejaa migomba yote, ukungu wote, mpaka nyuzi za buibui kwenye majani nilizihesabu. Iliingia machoni ikafika nyuma ya kichwa. Na kwa mwanga ule ndipo nilipomwona uso. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe, meupe kabisa, hayana mboni.

Nilipiga kelele? Sijui. Nilichosikia ni mlango wa nyumba ukigonga ukuta na bibi yangu akitoka, peku, na kikohozi chake, anasema Kinyakyusa kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Hakuwa anafukuza mtu. Alikuwa anabembeleza. Alifika nyuma yangu akapiga magoti kwenye tope, mwanamke wa umri ule, akainamisha kichwa, akaendelea kusema. Nilipoinua macho pale kwenye nguzo palikuwa na taa tu. Bibi akauvuta waya wa taa ukang'oka, na kwangu mimi giza likaingia kama maji.

Mjomba alitukuta jikoni, bibi amenifunika kitenge chake. Bibi akamsukumia simu. "Angalia ulichofanya."

Yeye aliangalia usiku ule. Mimi nilikataa, niliangalia kesho yake mchana, mara moja, na sitarudia. Kwenye ile picha niko peke yangu. Nimechuchumaa, naongea, natikisa kichwa kukubali, halafu kidevu changu kinainuka juu chenyewe. Hakuna mtu mbele yangu. Lakini kwenye ukuta wa banda kuna kivuli. Mgongo umeinama, blanketi kichwani, mkono mmoja usoni, na mkono wa pili umenyooka kwenda chini, mahali kilipo kidevu changu.

Mjomba aliangalia mpaka mwisho. Akailaza simu chini kifudifudi, hakuigusa tena.

"Ni mama mkwe wangu," bibi akasema. "Tulimlaza pale kwenye migomba, wewe Gwakisa hujazaliwa. Mawe yale baba yako ndiye aliyeyaweka, moja kichwani, moja miguuni."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akakohoa kwanza. "Alikufa haoni. Miaka yake ya mwisho ulikuwa unamkalisha juani mchana, anakuuliza kama kumeshakucha. Na leo ametoka kwa ajili ya mwanga."

Asubuhi mjomba aling'oa nguzo, akafukia shimo, akarudisha mawe kila moja mahali pake, bibi akimwelekeza kwa kidole. Bibi alikaa pale akiongea, muda mrefu, peke yake, mimi nikiwa mlangoni. Taa ikahamishiwa upande wa barabara, bado inamulika banda kutoka ubavuni, migomba imepewa mgongo. Neema alizaa jike, mwekundu, mwenye kipaji cheupe. Bibi analala ndani mpaka leo, na kikohozi kimemwacha. Kwa upande huo kazi ya mjomba ilifanikiwa.

Mimi ndiyo sijarudi nilivyokuwa.

Bado naona. Kwa bibi sikutoka tena nje usiku, kwa hiyo nilijua ndani ya basi la kurudi Iringa, tulipofika Ipogolo kumeshaingia giza, kabla basi halijapanda mlima kuingia mjini. Maduka yamefungwa, na juu ya kila mlango wenye kamera palikuwa na rangi ileile, inawaka kimyakimya, watu wanapita chini yake wakicheka hawajui. Mama akibonyeza rimoti ya televisheni, naona inamemeta. Alinipeleka hospitali, daktari akanichunguza macho, akasema ni mazima, labda nipunguze kusoma usiku. Jirani yetu hapa Kihesa ameweka kamera nne na taa zake. Moja inapenya pazia la chumba changu. Nimeweka pazia la pili. Nimegeukia ukuta. Linapenya. Nalala nimejifunga kitenge usoni, na mama akiniuliza mbona hivyo, namwambia baridi.

Hilo bado ningelizoea. Ila nyuma ya ukuta wa jirani kuna kiwanja ambacho hakijajengwa, na ile taa yake inamulika hapo. Mtu mwingine akiangalia usiku anaona giza na mahindi makavu. Mimi naona watu. Wawili, siku nyingine watatu, wamesimama mbalimbali, kila mmoja ameweka mkono usoni. Mwanzoni walikuwa wameelekea taa. Siku hizi wamegeuka, wanaelekea dirisha langu, kwa sababu na mimi nimefunika macho. Nadhani wameshanijua kwamba niko upande wao.

Juzi mmoja alikuja mpaka dirishani. Mwanamume, sauti ya adabu sana, ya mtu mzima. Akabisha hodi kwenye wavu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na wewe unaiona?"

Mara hii nilikuwa naiona kweli. Ilikuwa inachoma. Nikavuta neno lile kutoka lilikokwama, nikalisema, hapana, siioni. Akasogeza uso kwenye wavu. Akasema, "Jana umejifunika kwa ajili ya nini?" Nikafunga dirisha. Sijui kama ameniamini. Alirudi kwenye mahindi, na bado hajaondoka pale.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unataka kufunga taa hizi, funga, wezi wapo. Lakini kabla hujachimba shimo la nguzo, mwite mzee wa nyumba hiyo atoke nje, hata kama anaumwa, mbebe kwenye kiti, akuonyeshe nani amelala wapi. Na usiku mtu akikuuliza kama unaona mwanga ambao huuoni, awe mzee namna gani, alie namna gani, mwambie huuoni. Hutakuwa umemkosea adabu. Utakuwa umesema kweli.